Komeo wa Kimanga Alinifundisha Kuogopa

Mabinti zangu, na nyinyi vijana wachache wa kiume mliochagua kazi hii mkachekwa na wenzenu, nawasalimu. Tangu nitoke kazini mnanitumia odio kwenye WhatsApp, na karibu zote zinauliza jambo moja: Mama Bahati, ulifanyaje usiogope? Nimewaza sana namna ya kujibu bila kuwavunja moyo, nimeshindwa. Basi pokeeni jibu lenyewe. Niliogopa. Nilizalisha akina mama Nyamianda, hapa Uvira, miaka thelathini na moja, na sikumbuki hata asubuhi moja niliyovaa bluzi nyeupe tumbo langu likiwa limetulia. Jirani yangu alijua siku za zamu yangu kwa kusikia mara ngapi mlango wa choo chetu umelia.

Woga huo haukuniacha mpaka siku ya mwisho. Nilichojifunza ni cha kuufanyia, na aliyenifundisha hakuwa daktari wala mtawa. Alikuwa golikipa.

Lakini kwanza niwacheke kidogo, yaani nijicheke. Nyinyi mna kale kamashine kadogo, unakaweka tumboni, chumba kizima kinasikia moyo wa mtoto. Sisi tulikuwa na koni ya mbao. Unaegemeza sikio upande mmoja, upande mwingine tumbo la mama, unaziba pumzi. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilimsikiliza mama mmoja wa kutoka Kalundu, nikasikia du-du-du-du, mbio ajabu. Nikamkimbilia Mama Adela, mkunga mkubwa aliyekuwa ananifundisha, nikamwambia mtoto yuko taabani, tutafute gari. Mama Adela alikuwa mwanamke mnene, wa polepole, hakuwahi kukimbia mbele ya macho yangu. Akaja, akasikiliza, akasikiliza tena. Kisha akanishika mkono na kuweka vidole viwili kwenye mshipa wangu.

"Mutoto mwenye moyo ya mbio nimemupata," akasema. "Ni weye."

Mama wa Kalundu alicheka mpaka uchungu ukampata katikati ya kicheko. Akajifungua salama jioni ile. Kwa hiyo nawaambia, mashine au koni, ukisikiliza moyo wa mtoto shika pia mshipa wa mama kwa mkono mwingine, ujue unasikia nini. Na kabla ya vyote viwili, simama kidogo ujisikilize mwenyewe.

Hilo ni kosa la kuchekesha. Lipo lingine ambalo sijawahi kulisimulia darasani.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Mama mmoja alizaa mapacha mchana kweupe, wote wakilia vizuri, na ndugu zake walikuwa uani wakiimba na kupiga makofi. Mama Adela alikuwa chumba cha pili na mgonjwa mwingine. Kondo la nyuma likatoka. Mimi nikageuka kumfunga mtoto wa pili nguo, nilipogeuka tena nikaona damu. Haikuwa ikitiririka kidogo kidogo, ilikuwa inamwagika. Nikasimama kuiangalia. Nikachukua vitambaa, vikalowa, nikachukua vingine. Nikapiga kelele, nikakimbia hadi mlangoni, nikarudi, nikaangalia tena. Nilikuwa kama mtu anayetazama maji ya mto yakiingia nyumbani kwake. Mama Adela alipofika, yule mama alikuwa haitiki tena. Uani walikuwa bado wanaimba. Sisi wawili tuliusikia wimbo ule mpaka mwisho, kwa sababu hakuna aliyekuwa na miguu ya kutoka kuwaambia waache.

Mama Adela hakunigombeza. Tulimwosha pamoja. Tulipomaliza akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama anauliza funguo ziko wapi:

"Wakati damu ilikuwa inatoka, mikono yako ilikuwa wapi?"

"Sijuwe, mama."

"Basi ujue siku ingine."

Lakini sikujua. Miaka ilipita, nilizalisha mamia, nikasoma tena, nikapata karatasi, na bado kila damu ilipozidi kidogo macho yangu yalikuwa yanaganda pale pale kwenye kitambaa. Nilikuwa na bahati, au akina mama wale walikuwa na bahati. Mtu hawezi kufanya kazi kwa bahati. Nilijua siku itakuja, na kila asubuhi nilijiuliza kama ndiyo leo.

Nyumba yetu ilikuwa Kimanga, nyuma ya kiwanja cha mpira, na ndivyo nilivyoanza kuangalia mechi za wasichana. Sikuwa mtu wa mpira. Nilikuwa natoka zamu, siwezi kulala, nakaa kwenye tofali langu kando ya mstari. Ekipe ya Kimanga, timu yetu ya mtaa, ilikuwa na golikipa aitwaye Zawadi. Msichana mwembamba, mabega mapana, nywele amezisuka mikeka ya chini na kuzifunga kitambaa ili zisimwingie machoni. Mashabiki walimwita Komeo, kwa sababu akishafunga mlango, mpira haupiti.

Sasa niseme jambo ambalo wanangu hunibishia. Watu wengi hupenda habari ya ekipe ndogo inayoangusha kubwa. Wanaisimulia mwaka mzima. Mimi sijawahi kuipenda. Kazi yetu imenizoeza kuchukia maajabu. Mama anapoingia materinite kuzaa, familia nzima inategemea jambo moja la kawaida kabisa: atoke na mtoto mikononi, kwa miguu yake. Hakuna aliyekuja kushangazwa. Kwa hiyo moyo wangu uliwaendea wale ambao kila mtu amesema watashinda, na kweli wakashinda. Hao hawasimuliwi. Watu husema, "Si tulijua?" halafu wanaenda zao kunywa chai. Nani anajua uzito wa kufanya kitu ambacho watu wamekwisha kukila kabla hujakipika? Mimi nilidhani naujua. Nilidhani pia kwamba Komeo hausikii, kwamba yeye alizaliwa bila woga kama wengine wanavyozaliwa bila sauti ya kuimba.

Ikafika mechi ya mwisho ya likizo, dhidi ya wasichana wa kutoka Baraka. Tangu asubuhi, midomoni mwa watu, Kimanga ilikuwa imeshinda tayari. Wamotari, wale wa pikipiki za abiria, walikuwa wamefunga vitambaa vya njano, rangi ya ekipe, kwenye vioo vya moto zao, wanapita wakipiga honi. Muuza maandazi aliniambia, "Mama, leo ni kwenda kuchukua kombe tu. Komeo iko."

Nilienda mapema nipate nafasi. Nyuma ya ukuta wa shule, mahali ambapo wachezaji walibadilisha nguo, nikasikia mtu anatapika. Nikazunguka. Alikuwa Zawadi, ameinama, mkono mmoja ukutani, amevaa jezi yake tayari. Nyinyi mnajua macho ya mkunga yanakwenda wapi. Nikamwangalia kiuno, nikamwangalia uso, nikamshika mgongoni.

"Binti, ni ya miezi ngapi?"

"Ya nini, mama?"

"Mimba."

Akafuta mdomo kwa mgongo wa glavu, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Hakuna mimba, mama. Minye niko naogopa tu. Kila mechi naogopaka hivi."

"Weye? Komeo?"

"Juu bote banasema nitashika. Ile ndiyo inaniuwa. Kama bangesema nitashindwa, ningelala muzuri."

Mimi ndiye mtu mzima, mimi ndiye mkunga, nilipaswa kumpa dawa au ushauri. Badala yake nikamwuliza kama mtoto: "Sasa unafanyaka nini?"

"Natapika, nanawa, naingia."

"Ni hivyo tu?"

Akakaza kitambaa chake cha nywele. Uwanjani walikuwa wameanza kuita jina lake.

"Kiisha siangaliake mupira," akasema. "Watu bote banaangaliaka mupira. Mupira inadanganya, na inakutia woga juu inakuya mbio. Minye naangalia mguu ya kusimamia, ile haipige. Ile haiwezi kudanganya. Kwenye inaelekea, nami naenda."

Akanawa uso kwa maji ya kidumu, akaingia.

Mechi ilikwisha bila bao, wakaenda penalti. Nilikuwa nimesimama juu ya tofali langu, kitenge changu nimekiuma kwa meno. Nilifanya alivyoniambia, niliangalia miguu. Ya kwanza ikamwingia, na mzee mmoja karibu yangu akasema, "Leo hapana." Ya pili Zawadi alikwenda kushoto kabla sijaelewa, akaigonga kwa ngumi. Ya tatu, msichana mrefu wa Baraka alikuja kwa mbio ndefu, akayumba huku na huku kumhadaa, na Zawadi hakutikisika. Alisubiri. Kuona mtu anaogopa hivyo na bado anasubiri, mabinti, ni jambo ambalo mpaka leo linanikausha mdomo. Mguu ulipotua, akaruka. Akaulalia mpira ule kama mama anayemkinga mtoto mvua ikinyesha.

Kombe likabaki Kimanga, na wakati wa kurudi nyumbani nilitembea nyuma ya wanaume wawili. Mmoja akasema, "Si tulijua?" Nilitaka kumpiga na tofali.

Juma lile lile nilianza kufika kazini nusu saa kabla ya wengine. Woga uliokuwa unanikimbiza chooni nikaupa kazi ya kufanya. Nikafika, nikaruhusu tumbo lisumbue, nikanawa, kisha nikagusa kila kitu kwa mkono: glavu, uzi, sindano, maji ya dripu, dawa ya kukaza kizazi kwenye friji, na friji yenyewe kama ina baridi. Sio kuangalia kwa macho kutoka mlangoni. Kugusa. Siku moja niligusa chupa nikaikuta ya moto, umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na hakuna aliyesema. Macho yasingeniambia.

Na nikatafuta mguu wa kusimamia wa kazi yetu. Sikuhitaji kutafuta mbali. Ni kizazi chenyewe. Damu inadanganya. Inaweza kuwa nyingi kitandani na mama akawa salama, inaweza kuwa kidogo nje na nyingine inajikusanya ndani. Lakini mkono ukiuweka chini ya kitovu, kizazi hakidanganyi: kikiwa kigumu kama embe bichi, mama yuko salama; kikiwa laini, yuko hatarini. Zamani tulikuwa tunangoja kondo la nyuma tumekunja mikono, tukipiga hadithi. Halafu tukafundishwa kuchoma sindano ya dawa ile ya kukaza kizazi dakika ya kwanza baada ya mtoto kutoka, na kukaa na mkono tumboni. Wenzangu walilalamika kwamba ni kazi ya ziada. Mimi nilipokea kama mtu aliyepotea akaonyeshwa njia.

Kidogo kidogo watu wakaanza kusema. Wanawake wa sokoni, wa kutoka Kasenga, hata wa bondeni Ruzizi, walikuwa wanafika wakiniulizia kwa jina. "Kwa Mama Bahati unarudiaka muzima." Wengine waliongeza kwamba sijawahi kupoteza mama hata mmoja. Sikuwasahihisha. Nilikuwa natabasamu, na usiku chakula kinanishinda. Sasa na mimi nilikuwa na vitambaa vya njano kwenye moto za watu.

Mwaka mmoja Zawadi aliacha kucheza, akaolewa na motari aitwaye Faustin, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Mimba yake ilipofika mwisho, alipita vituo viwili vilivyo karibu na kwake akaja kwangu.

"Juu ya nini haukubakia kule karibu?" nikamwuliza.

"Juu weye ndiye bote banasema."

Nikamwambia alale nimpime.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha asubuhi mlimani. Mnaijua mito yetu: jua linawaka huku chini, na mto unashuka na mawe kama lori limemwaga. Saa sita mchana barabara ya kwenda hospitali kubwa ilikuwa imekatwa, maji yamepita juu, gari haliwezi, moto haiwezi. Wanaume walikuwa wanavuka kwa kushikana mikono. Niliposikia habari hiyo nilikwenda friji nikagusa dawa kwa mara ya tatu.

Saa nane Zawadi akazaa. Msichana, kilo tatu na kitu, sauti kubwa. Sindano nilichoma. Kondo la nyuma likatoka zima, nililigeuza nikalikagua, halikupungua kitu. Sifa, mwenzangu wa zamu, mwanamke wa umri wangu asiyependa maneno, akamweka mtoto kifuani kwa mama yake. Faustin alichungulia dirishani na masikio yake, akacheka, akaenda kupiga simu. Kila kitu kilikuwa jinsi watu walivyosema kitakuwa.

Kisha nikasikia matone. Kabla ya kuona, nilisikia, chini ya kitanda, juu ya sementi.

Nitawaambia ukweli wote. Nilifanya kosa lile lile. Miaka yote ile, na mazoezi yote yale, niliinama nikaangalia damu. Ilikuwa inatoka kwa wingi, nyekundu, inakimbilia kwenye mwanya wa sementi, na mimi nikaifuata kwa macho. Nilimwona mama wa mapacha. Nilisikia ule wimbo wa uani. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Sifa alisema jina langu mara mbili, sikuitika.

Ni Zawadi aliyenitoa pale. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Akasema taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake uwanjani lakini hana pumzi:

"Mama. Uko naangalia mupira."

Mkono wangu ukaenda tumboni kwake kabla akili haijafika. Kizazi kilikuwa laini kama bukari, ugali wetu, iliyoingia maji. Nikaanza kukisugua. "Sifa, dripu, dawa ndani yake, fungua yote. Sonda ya mkojo. Vidonge vinne. Mutoto anyonye." Sauti ilitoka, nadhani ilikuwa yangu. Kibofu kilikuwa kimejaa, tukatoa mkojo kwa sonda. Kizazi kikakaza kidogo, nikashukuru Mungu, kikalegea tena. Kikakaza, kikalegea. Sifa aliniangalia, nami nilijua anachowaza, tulikuwa tunawaza kitu kimoja: mto.

Sifa akachukua damu kidogo kwenye kichupa cha kupimia, akaandika karatasi, akampa Faustin. Nilisikia anamwambia nje, "Vuka. Ukifika, waambie batume damu, mifuko miwili. Usirudi bila damu." Sikusikia jibu. Nilisikia miguu inakimbia kwenye tope.

Mimi nikafanya ile mliyoisoma kwenye kitabu na mkaomba msiifanye kamwe. Mkono mmoja ndani, nimekunja ngumi. Mwingine nje, juu ya tumbo. Kizazi katikati, nikakibana kwa nguvu zote, mkono kwa mkono. Damu ikapungua. Nikilegeza, inarudi. Basi sikulegeza. Hakuna ufundi hapo, ni kubana tu, na kubana kunachosha kuliko kubeba maji kutoka ziwani. Baada ya robo saa mikono ilitetemeka. Baada ya nusu saa sikuvihisi vidole. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Sifa alikuwa peke yake na dripu, na mtoto, na mapigo. Kila baada ya muda alisema namba ya mapigo, na kila namba ilikuwa mbaya kuliko ile ya kabla.

Nilimwongelesha ili asilale. Nilimwuliza habari za ile mechi ya Baraka, nani alipiga penalti ya pili, alivaa viatu gani. Alijibu neno moja moja. Kisha akaniuliza yeye.

"Mama Bahati."

"Niko."

"Banasema haujapotezaka mama hata moja."

Sifa aligeuza uso. Yeye alijua. Nami nilikuwa nimeinama pale, mikono miwili imefungwa, siwezi hata kukimbilia mlangoni. Ningesema ndiyo, angetulia pengine. Lakini nilifikiri, huyu ni mtu aliyetapika mbele yangu. Kama kuna mtu Uvira nzima nisiyemdanganya, ni huyu.

"Nilipotezaka moja," nikasema. "Ule wa mapacha. Nilikuwa naangalia damu."

Akafumba macho. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikadhani nimemuua kwa maneno. Sifa aliinamia mdomo wake kusikiliza pumzi.

"Na leo?" Zawadi akauliza, macho bado yamefumba.

"Leo niko naangalia weye."

"Basi shika."

Nikashika.

Jinsi damu ilivyofika, niliambiwa baadaye. Faustin alivuka mto maji yakimfika kifuani, kichupa amekishika mdomoni kwa meno. Hospitali walikuwa na mfuko mmoja tu wa damu inayofaa. Alipiga simu kwa mtu mmoja wa ekipe ya zamani ya mke wake, na kabla hajamaliza kueleza, wasichana walikuwa njiani, wengine na jezi za mazoezi. Saba walipimwa, wawili wakafaa. Kisha wakarudi naye wanne hadi mtoni, wakashikana viunoni, na yule mrefu kuliko wote akabeba kile kisanduku cha baridi juu ya kichwa. Waliingia chumbani kwangu wakivuja maji na tope mpaka magotini, wakasimama ukutani. Hawakulia. Mmoja wao alikuwa anatafuna kola ya jezi yake.

Tulimtundikia mfuko wa kwanza. Ule wa pili ulipofika nusu, nilihisi kitu chini ya mkono wangu wa nje. Kilikuwa kigumu. Nikasubiri kilegee. Hakikulegea. Nikahesabu mpaka mia, nikahesabu tena, kwa sababu sikujiamini, na ningeweza kuhesabu hadi kesho yake kama Sifa hangeniambia, "Mama Bahati, toa mkono. Imekaza."

Zawadi yuko mzima. Jioni ile ile maji yalipopungua walimpeleka hospitali kubwa kwa machela, na akatoka baada ya siku tisa. Ana watoto wawili sasa, wa pili alizaliwa hospitalini, mbele ya daktari, nilikataa kabisa azae kwangu tena. Anafundisha makipa wadogo, wasichana, kiwanja kile kile. Nikipita nasikia anawagombeza. Na Kimanga wanasema nini juu ya siku ile? Wanasema alizaa vizuri kwa Mama Bahati. Basi. Kama vile hakuna kilichotokea. Zamani ningeumia. Sasa nafikiri ndiyo sifa kubwa kuliko zote tunazoweza kupewa katika kazi hii, mtu kutegemea jambo likatokea, akaondoka bila hata kujua kwamba lingeweza kutotokea.

Nimalizie saa ile ya jioni, baada ya machela kuondoka. Nilikaa kwenye ngazi ya mbele ya materinite. Mkono wa kulia ulikuwa umekataa kufunguka, umebaki ngumi. Sifa alileta maji ya vuguvugu kwenye beseni, akauloweka, akaanza kunyoosha kidole kimoja kimoja. Mimi nililia kidogo, yeye akafanya kama haoni. Niliwaza kwamba kesho nitaandika barua ya kuacha kazi, na nilikuwa nimekwisha kupata sentensi ya kwanza.

Alikuwa amefikia kidole cha nne niliposikia injini ya moto inazima mbele ya mlango. Mwanamke mmoja alishuka, amebeba furushi lake kichwani, anatembea kwa miguu iliyoachana, anasimama kila hatua ya tatu. Mamamkwe wake alikuwa nyuma na ndoo. Walikuwa wametoka bondeni, mbali, nguo zao zina vumbi la barabara juu na tope la mto chini.

"Tunatafuta Mama Bahati," akasema yule mamamkwe. "Batu banatuambia, ukifika kwake, hakuna kuogopa tena."

Sifa aliniangalia. Tumbo langu likageuka lote, kama siku ya kwanza.

Nikainuka. Nikakung'uta maji mkononi, nikampokea yule mwanamke furushi lake.

"Ni mimi," nikasema. "Ingia, mama. Ngoja ninawe mikono."